Kongo ilishinda, tiketi ikapotea

Usiku wa Jumapili tarehe 16 mwezi wa 11, 2025, hapa Itebero watu wachache sana walilala. Timu yetu ya taifa ilikuwa inacheza na Nigeria kule Rabat, Moroko, na Chancel Mbemba alipofunga penalti ya mwisho, kelele zilitoka katika nyumba ya sinema kana kwamba paa limeanguka. Wamama walitoka nje na sufuria wakazipiga. Wazee walicheka kama watoto. Sisi wenyewe tulitoka, wengine kitenge kikiwa kimefungwa vibaya, tukaimba njiani mpaka jenereta ikazimwa.

Lakini kando ya jenereta ile kulikuwa na kijana mmoja ameketi juu ya kidumu cha mafuta, simu mkononi, haimbi. Tulifikiri ni furaha imemzidi. Mmoja wetu alimpiga begani akamwambia, "Mwanangu, inuka, tumeshinda!" Alimtazama tu. Ilitupasa kungoja mwezi mzima kuelewa kwamba usiku ule, wakati Kongo inashinda, yeye alikuwa anapoteza franka 300 000. Na hazikuwa zake. Zilikuwa za kikundi chetu.

Tunaandika habari hii kwa ruhusa ya mama yake, ambaye ni mwenzetu katika AVEC. Hatutaji jina lake wala la kijana. Mama huyo alisema tuandike, kwa sababu wiki ile ile alisikia kikundi kingine huku barabara ya Hombo kikilia kilio kama chetu, nacho kikanyamaza kwa haya.

Tuanze na sanduku. Kila mama aliye katika AVEC anajua jinsi linavyofanya kazi. Sisi ni 23. Kila Alhamisi tunakutana, kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano, kijitabu chake kinapigwa mhuri, pesa inahesabiwa mbele ya wote na kuingia katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wamama watatu, na sanduku linakaa kwa wa nne. Namna hii ya kuweka akiba ilianza Niger mwaka 1991, wamama wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, na imezunguka Afrika yote kwa sababu moja: hakuna mtu anayeweza kulifungua peke yake, hata akiwa mwema namna gani.

Mwezi wa 3 mwaka 2025, vita ilipofika Walikale-centre, watu wa hapa walianza kufunga mizigo. Wengine waliingia porini, wengine wakaelekea upande wa Hombo. Nani atabeba sanduku la chuma kichwani katika njia yenye vizuizi? Tulikaa usiku, tukaamua pesa iingie katika simu. Wengi wetu tuna simu ndogo za tochi, na laini nyingine zimeandikwa kwa majina ya watu tusiowajua tena. Mwenzetu mmoja akasema kijana wake ana simu ya androidi, laini imeandikwa kwa kadi yake ya mchaguzi, ana pikipiki, anajulikana, hanywi pombe. Sote tukasema ndiyo. Franka 640 000 zikaingia mle.

Tulikuwa tumetumia miaka kujifunza kufuli tatu, kisha tukaweka pesa mahali penye kufuli moja tu, tarakimu nne katika kichwa cha mtoto wa miaka 19.

Tusijilaumu kupita kiasi. Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa 1 mwaka ule, na familia nyingi za Kivu hazikuwa na njia nyingine ya kutuma wala kupokea pesa isipokuwa simu. Huku kwetu benki haikuwepo hata kabla ya vita. Simu iliokoa watu wengi, na tunaijua faida yake: dada aliyekimbilia Kisangani alimtumia mama yake pesa ya dawa, ikafika siku ile ile. Kosa letu lilikuja baadaye. Mwezi wa 4 tuliporudi, tulisema tutaitoa pesa tuirudishe sandukuni. Lakini kutoa kunalipiwa, mtu wa kabini mara nyingi hana pesa ya mkononi ya kutosha, na kila Alhamisi tulisema "juma lijalo". Tukaendelea kuweka hisa mpya katika sanduku, na zile za zamani tukaziacha zilale. Hazikulala.

Sasa tuseme kuhusu pari, kwa kuwa wamama wengi wanalisikia neno lakini hawajui linafanyikaje. Zamani, mijini, pari ya mpira ilichezwa kwa karatasi. Kijana alikwenda kwenye kibanda, akajaza kwa kalamu, akapewa kipande cha tiketi. Mama aliyefua suruali alikuta karatasi mfukoni akajua la kufanya. Leo hakuna kibanda, hakuna karatasi, hakuna kitu mfukoni. Kijana anaketi katika sinema kwa kiingilio cha franka mia chache, au katika majani kando ya kiwanja chetu, anabonyeza, na pesa inatoka katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money moja kwa moja kwenda kwa kampuni ya pari. Ukimwangalia unafikiri anamwandikia mchumba wake.

Mwenzetu mmoja aliyeuza karanga kwa miaka kadhaa katika uwanja wa Concorde, kule Kadutu, Bukavu, alituambia aliona mabadiliko hayo kwa macho yake. Mwanzoni watu walikuja uwanjani na redio ndogo masikioni ili wasikie pia matokeo ya mechi nyingine. Halafu wakaja na simu za kupigia picha. Halafu, anasema, alianza kuona watu ambao timu yao imefunga goli, majirani wanaruka, nao wanashika kichwa, kwa sababu tiketi yao ilisema magoli hayatazidi mawili. "Hata karanga hawakununua," anasema, "pesa yote ilikuwa katika simu." Tulicheka, lakini ni jambo la ajabu kweli, mtu kulia timu yake inapofunga.

Kuna jambo jingine kuhusu uwanja na simu ambalo vijana wetu hawakulijua mpaka tulipolizungumza nao. Kampuni za pari hazingoji televisheni. Kuna kampuni, kama Sportradar ya Uswisi, zinazowalipa watu wakae uwanjani kwenyewe na kutuma kila tukio papo hapo: kona, kadi, penalti, goli. Picha tunayoiona sisi katika sinema inapanda kwenye satelaiti na kushuka, inafika sekunde kadhaa baadaye, na ile ya intaneti inachelewa zaidi. Kwa hiyo kijana wa Itebero anayeweka pari katikati ya mechi, kwa kuwa ameona timu inashambulia, anashindana na mtu ambaye amekwisha kuona mwisho wa shambulio hilo. Ni kama kununua mihogo gizani kwa mwuzaji mwenye taa.

Turudi kwa kijana wetu. Aliyotueleza ni haya, na tumeyahakikisha katika operesheni za simu yake.

Tarehe 9 mwezi wa 9, Kongo ilicheza na Senegal katika Stade des Martyrs, Kinshasa. Kongo ilifunga la kwanza, ikafunga la pili, na kipindi cha kwanza kilikuwa hakijaisha. Mtakumbuka furaha ile. Kijana alikuwa amezoea kucheza franka 500, franka 1 000, za jasho lake la pikipiki. Siku ile aliona kota ya Kongo kushinda imeshuka mpaka 1,2. Kota ni namba ambayo pesa yako inazidishwa nayo ukipata. Aliwaza hivi: tunaongoza mbili kwa sifuri, tuko nyumbani, hii si bahati tena, ni hakika. Nikiweka 200 000 nitapata 240 000. Nitarudisha 200 000 ya wamama kabla mtu hajajua, na 40 000 nitanunua tairi.

Hakuona kama ni wizi. Aliona ni kuazima kwa saa moja. Tunawaomba wamama wasome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu watoto wetu hawaanzi na moyo wa mwizi.

Senegal ikarudisha moja kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili ikasawazisha. Dakika za mwisho ikafunga la tatu. Mbili kwa tatu. Wengine walivunja viti vya uwanja siku ile kwa hasira. Kijana wetu alirudi nyumbani akala bugali na sombe, akajibu maswali ya mama yake, akalala.

Tangu hapo hakucheza tena kwa furaha. Alicheza kulipa. Wiki baada ya wiki aliweka tiketi za kombine, yaani mechi tano, sita, saba za Uingereza na Hispania katika tiketi moja, ambazo zote lazima zitoke sawa. Nyingine 110 000 zikaenda. Halafu ikaja Alhamisi tarehe 13 mwezi wa 11, siku ya kikao chetu. Mchana tuliketi tukahesabu hisa. Jioni Kongo ikacheza na Kamerun, bila bila mpaka dakika 90 zikaisha, na katika zile dakika chache ambazo mwamuzi anaongeza, Mbemba akafunga. Kijana alikuwa ameweka 50 000 kwa Kongo. Akapata 160 000. Alituambia usiku ule alimshukuru Mungu, akaona njia imefunguka. Katika simu sasa zilikuwemo 440 000. Zilibaki 200 000 tu za kurudisha.

Siku tatu baadaye, Nigeria. Akaweka 300 000 kwa Kongo kushinda, kota 3. Ikitoka, ni 900 000. Analipa yote, anabaki na 400 000, anaacha pari milele. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na Kongo kweli ilifuzu. Nigeria ilifunga mapema, Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, dakika 90 zikaisha moja kwa moja, zikachezwa dakika 30 za nyongeza, kisha penalti, Kongo nne, Nigeria tatu.

Lakini pari ya kawaida ya "nani atashinda" inahesabiwa kwa dakika 90 pamoja na zile chache ambazo mwamuzi anaongeza kwa waliopotezwa. Goli la Mbemba kwa Kamerun lilikuwa ndani ya hizo, likalipwa. Dakika 30 za nyongeza hazimo. Penalti hazimo. Katika vitabu vya kampuni, mechi ya Nigeria iliisha sare, na aliyeweka Kongo kushinda alikuwa amepoteza tangu kabla ya penalti ya kwanza kupigwa. Kanuni hiyo imeandikwa, ndiyo, katika kurasa ndefu za Kifaransa ambazo mtu anabonyeza "nakubali" bila kusoma. Kijana alikuwa ametazama penalti zote, amepiga magoti, amelia kwa furaha, ndipo akafungua simu adai pesa yake.

Usidhani ni yeye peke yake. Tulipoanza kuuliza uliza, tulikuta vijana wengine hapa hapa waliodanganyika namna ile ile usiku ule, na motari mmoja ambaye mpaka leo anaamini mtandao ulimla. Mwezi wa 1 uliopita, Kombe la Afrika, Aljeria ilipotutoa kwa goli la mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza, ilikuwa hadithi ile ile upande wa pili: waliokuwa wameisaliti Kongo na kuweka Aljeria nao hawakupata kitu. Hao hatukuwahurumia sana.

Pesa ilijulikana Alhamisi tarehe 18 mwezi wa 12, siku ya kugawana. Mwaka mzima mama anangoja siku hiyo. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kuongea na mwenye mabati. Wengi walingoja minervali ya watoto wa sekondari, maana masomo ya bure ni ya shule ya msingi tu. Tulimwita kijana aje na simu, twende kabini. Alikuja, akapiga magoti mbele ya mlango, mbele ya wamama 23, akasema zimebaki 140 000. Mama yake alikuwa ameshika daftari. Hakupiga kelele. Aliliweka daftari chini, akatoka, na tukamsikia akitapika nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na maneno mengi siku ile na hatutayaandika yote. Wengine walitaka polisi. Wengine walitaka pikipiki iuzwe usiku ule ule. Mmoja alisema mama yake alijua, neno ambalo aliliomba msamaha baadaye. Mzee mmoja tuliyemwita kusikiliza alituuliza swali moja tu: "Katika kanuni za kikundi chenu, nani aliruhusiwa kushika pesa yote peke yake?" Tukanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa hakuna. Hatukumpeleka polisi. Pikipiki ilibaki, kwa kuwa bila pikipiki hatalipa chochote. Aliandika karatasi, baba yake mkubwa akatia sahihi pamoja naye: franka 10 000 kila Alhamisi, majuma 50. Siku ya kugawana ilisogezwa. Kwa mahitaji ya minervali tulifungua mfuko wa jamii, ule tunaoutumia kwa ugonjwa na msiba, tukakopesha wamama tisa. Haikutosha. Watoto wawili wa kikundi chetu walirudishwa nyumbani mwezi wa 1, na mmoja bado hajarudi darasani tunapoandika.

Alhamisi iliyofuata tulifanya jambo ambalo tunawashauri vikundi vingine walifanye, linachukua dakika kumi. Tulileta maharagwe. Tukasema: mechi ina mambo matatu, timu ya nyumbani ishinde, timu ya wageni ishinde, au sare. Tukachukua kota 2, 3 na 4. Sasa mama anataka apate franka 12 000 hata itokee nini. Kwa kota 2 lazima aweke 6 000. Kwa kota 3 aweke 4 000. Kwa kota 4 aweke 3 000. Tukahesabu maharagwe, kila haragwe franka elfu. Yakafika 13. Kwa hiyo analipa 13 000 apokee 12 000, bila shaka yoyote, na ile 1 000 ni ya kampuni kabla mpira haujapigwa. Mama mmoja ambaye hakwenda shule hata siku moja alisema, "Basi ni soko ambalo kopo la kupimia lina tundu." Na katika kombine tundu linajirudia kwa kila mechi. Kwa kota za namna hiyo, tiketi ya mechi tano inarudisha kwa wastani franka 6 700 katika kila 10 000 zinazowekwa. Wachezaji wote pamoja, siku zote, ndiyo hesabu. Yule mmoja anayeshinda milioni na picha yake ikazunguka katika simu, analipwa na wengine.

Kijana alikuwepo siku ya maharagwe. Tulimwomba mwenyewe aseme kota zinazoonekana katika simu yake, na alishangaa kuliko sisi.

Tulidhani baada ya hapo wamama wote watalaani pari kwa sauti moja. Haikuwa hivyo. Mwenzetu mmoja alisimama akasema yeye mwenyewe alikuwa akimpa kijana yule franka 1 000 kila Jumamosi amchezee, na mara moja alipata 9 000 akanunua kuku. Wengine wawili wakainua mkono. Mmoja alisema anacheza ule mchezo wa ndege unaoitwa Aviator, ambapo namba inapanda pamoja na ndege na lazima utoe pesa kabla ndege haijapotea, nao haungoji hata Jumamosi, unazunguka upya mchana na usiku. Tukacheka, kisha hatukucheka. Mnajua maisha ya hapa. Mafuta ya mawese hayana bei, barabara ikiharibika mchele unaozea njiani, machimbo yanafungwa na kufunguliwa kama vita inavyotaka. Mtu anayekuambia kwamba 1 000 inaweza kuwa 9 000 jioni ya leo ana masikio ya kusikilizwa. Hatuwezi kumwambia kijana aache kitu kwa kujifanya hatuelewi utamu wake.

Majirani zetu nao wamehangaika na jambo hili kwa ngazi ya serikali. Mwaka 2019 Kenya ilikataa kuendeleza leseni za kampuni 27 za pari kwa mara moja, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikajikuta bila mfadhili, maana SportPesa ndiyo iliyokuwa inazilisha. Uganda, sheria ya mwaka 2016 inasema asiyefika miaka 25 asicheze. Hata Uingereza, ambako mechi tunazozitazama zinatoka, klabu za ligi kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa majina ya kampuni za pari kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025-26. Basi jezi za mitumba zenye majina hayo zitatufikia bado miaka mingi, tunajua.

Sheria ni jambo zuri, lakini simu haimwulizi mtoto kama ana miaka 25. Inaangalia laini imeandikwa kwa nani. Na hapa tunawasemesha wamama moja kwa moja: laini ngapi zimeandikwa kwa kadi yako ya mchaguzi? Wengi tuliwakopesha watoto kadi siku ile walipokuwa wanatafuta laini. Mbele ya kampuni ya simu, anayecheza ni wewe.

Mesaji za pesa zinakuja kwa Kifaransa na kijana anaweza kuzifuta, lakini katika menyu ya pesa kuna mahali pa kuomba operesheni za mwisho. Mwombe binti wa sekondari akusomee, akuonyeshe jina la aliyelipwa. Usimnyang'anye kijana simu ghafla. Tulijaribu kwa mmoja, akacheza kwa simu ya rafiki. Muulize ameweka kiasi gani juma hili, si kwa ukali, na muulize pia mechi ilikuwaje. Mtoto wa mwenzetu alianza kusema ukweli siku mama yake alipoketi naye sinema, wamama wawili katikati ya vijana hamsini, wakiuliza kwa nini yule mwenye kitambaa mkononi anapiga kelele.

Katika sinema hiyo hiyo, mwezi wa 12 na wa 1, tulimwona yule shabiki wa Kongo kule Moroko ambaye alisimama kama sanamu ya Lumumba, mkono juu, mechi nzima bila kutikisika. Vijana walikuwa wanamshangilia kuliko wachezaji. Mama wa kijana wetu alisema kwa sauti, "Tazameni, huyo mikono yake yote miwili haina simu." Sinema yote ikacheka, na mwanawe akacheka pia, mara ya kwanza tangu siku ya kugawana.

Kuhusu sanduku, tumelirudisha. Zile 140 000 zilitolewa kwa mara tatu, kwa sababu kabini haikuwa na pesa ya mara moja. Tumeandika kanuni mpya katika daftari: ikiwa hatari itarudi na lazima pesa iingie katika simu, itagawanywa kwa simu tatu za wanakikundi wenyewe, si za watoto, na kila Alhamisi simu hizo zinafunguliwa mbele ya wote kama sanduku, mtu asome kiasi kwa sauti. Ikipita hatari, pesa inatoka juma lile lile, hata ikilipiwa.

Alhamisi iliyopita kijana alileta franka 10 000 za mara ya sita. Tulizihesabu mbele yake, tukampigia mhuri katika kijitabu ambacho tumemfungulia kama wengine. Zimebaki mara 44. Aliuliza kama anaweza pia kununua hisa moja yake mwenyewe. Tulimwambia kikundi ni cha wamama, lakini tutalizungumza.